Caritas, CIDSE na maana ya mashirika ya Kikatoliki kushirikiana

Wengi wetu huku Kusini mwa Tanzania tukisikia "mradi wa Caritas" hudhani kuna mfuko mmoja mkubwa huko Roma unaogawa fedha dunia nzima. Sivyo. Caritas Internationalis, iliyoundwa 1951, ni shirikisho la mashirika ya misaada ya Kikatoliki zaidi ya 160, kila moja likiwa na nchi yake na maaskofu wake. La kwetu ni Caritas Tanzania, nalo hufanya kazi kupitia majimbo ya Kanisa, yakiwemo Mtwara na Lindi.

Umuhimu wa mpangilio huu huonekana wakati wa maafa. Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu Mei 2024 na barabara ya Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, aliyejua nyumba ipi imezama na nani ana mgonjwa ndani ni jirani, wala si ofisi ya Ulaya. Ndiyo maana utaratibu wa shirikisho unaanzia chini: parokia hutoa taarifa jimboni, jimbo hupeleka taifani, na Caritas ya taifa ikizidiwa huomba msaada kupitia Roma. Hapo wenzake wa nje huchangia ombi moja, badala ya kila shirika kuja na gari lake, fomu zake na orodha yake ya waathirika. Mwanakijiji aliyewahi kuandikishwa mara tatu na asipate hata turubai anaelewa vizuri faida yake.

Na msaada hauulizi dini. Kwa mikoa yetu yenye Waislamu wengi, hili si jambo dogo. Caritas Internationalis ni miongoni mwa walioandaa kanuni za maadili za misaada ya maafa za mwaka 1994, pamoja na Msalaba Mwekundu, zinazokataza kumbagua mhitaji kwa imani yake.

CIDSE ni kitu kingine: ni mtandao wa mashirika ya Kikatoliki ya maendeleo. Ulianza 1967, mwaka ambao Papa Paulo VI alitoa waraka wake juu ya maendeleo ya watu, na ofisi yake iko Brussels. Unaunganisha mashirika kama CAFOD la Uingereza, Trócaire la Ireland na Misereor la Ujerumani, ambalo hukusanya sadaka ya Kwaresma makanisani. Kazi ya mtandao huu ni kusukuma serikali na makampuni ya nchi tajiri kuhusu ardhi, tabianchi, biashara na madeni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulishirikiana na Caritas kudai nchi maskini zifutiwe madeni. Tanzania ilipata nafuu hiyo 2001, na mwaka huohuo ada ya shule za msingi ikaondolewa.

Kwangu mimi, upande huu wa pili ndio unaosahaulika zaidi. Mahindi ya msaada yanaonekana yakishushwa. Deni lililofutwa halishushwi kwenye lori. Lakini mikoa yenye gesi na korosho inahitaji watu wa kuisemea huko mikataba na bei zinakopangwa, na wasemaji hao wanapaswa kwanza kuja kumsikiliza mkulima wa Nachingwea na mvuvi wa Msimbati.