Kura ya kifo: kwa nini kamanda wako anakufa mahali ambapo hakuna aliyemlenga

Katika gemu za vita vya kihistoria kuna ujumbe mmoja unaowaudhi wachezaji kuliko hata kushindwa vita vyenyewe: kamanda wako wa brigedi ameuawa. Unasogeza kamera hadi alipo. Yuko nyuma ya kilima, adui wa karibu yuko mita mia tano, hakuna mzinga uliomwelekea, na askari waliomzunguka wako wima, hawajaguswa. Hapo mtu anaanza kulaumu gemu, anaifuta na kuiweka upya, wengine wanafikia hadi kubadili kadi ya picha. Sehemu kubwa ya usumbufu huo inaepukika ukishaelewa kitu ambacho gemu nyingi hazikielezi waziwazi, nacho hapa nitakiita kura ya kifo.

Kura ya kifo ni hesabu inayofanywa na gemu kila baada ya muda fulani kuamua kama kamanda amepigwa au amesalimika, bila kufuatilia risasi yoyote. Kompyuta inachota namba ya kubahatisha. Namba ikiangukia ndani ya kiwango kilichopangwa, kamanda anahesabiwa kuwa amejeruhiwa, amekufa au ametekwa. Yule mpanda farasi unayemwona kwenye skrini ni alama tu ya kukuonyesha alipo. Ukitafuta risasi iliyomuua hutaipata, maana kwenye hesabu yenyewe haikuwemo.

Si gemu zote zinazofanya hivyo, kwa hiyo uchunguzi uanzie hapa. Katika Rome: Total War ya mwaka 2004 na Medieval II ya mwaka 2006, jenerali ni mtu kamili uwanjani, amezungukwa na walinzi wake, na anakufa pale yeye mwenyewe anapopigwa mkuki, mshale au jiwe la manati. Kifo chake unaweza kukitafutia mhusika. Ukimwingiza kwenye lango la mji lililosongamana, au ukamsimamisha mbele ya wapiga mishale wako mwenyewe, jibu liko palepale. Gemu nyingine, hasa zile za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, humwambatanisha kamanda na kikosi. Brigedi ya watu 2,000 ni vigumu kuifuatilia risasi kwa risasi, kwa hiyo gemu inakadiria hasara ya kikosi kizima, kisha inapiga kura pembeni kwa ajili ya afisa wake. Kabla hujafungua faili lolote, jua gemu yako iko upande gani. Kuna zinazochanganya njia zote mbili, na hizo ndizo zinazotatanisha zaidi.

Sasa hesabu yenyewe, maana hapa ndipo akili zetu zinapodanganyika. Tuseme waundaji wameweka uwezekano wa 1 kati ya 10,000, unaopigiwa kura kila sekunde ambayo kamanda yumo ndani ya masafa ya bunduki za adui. Ukiiona namba hiyo utadhani kamanda wako hafi kamwe. Lakini dakika 30 za mapigano ni sekunde 1,800, kwa hiyo ni kura 1,800. Ili asalimike lazima azipite zote: 0.9999 ikizidishwa kwa yenyewe mara 1,800, ambayo ni karibu asilimia 83.5. Zinabaki asilimia 16.5 za kupigwa. Ukiwa na brigedi 12 kwenye mstari wa mbele kwa nusu saa, tegemea kupoteza makamanda wawili hivi. Na mtu akibadili namba ile kuwa 1 kati ya 1,000, mambo yanageuka kabisa: anayesalimika sasa ndiye mwenye asilimia 16.5. Kosa la sifuri moja tu kwenye faili la mipangilio linatosha kumaliza karibu maafisa wako wote kabla ya adhuhuri.

Kwa kura ya aina hii kinachoua ni muda. Kamanda anayeongoza shambulio kali la dakika tatu yuko salama kuliko yule aliyesimama saa nzima ukingoni mwa masafa ya adui, mahali ambapo wewe unapaona pametulia. Ndiyo maana vifo vingi vya ajabu huwapata makamanda tuliowasahau. Gemu haiangalii kama kuna anayempiga. Inaangalia kama yumo ndani ya duara la masafa ya adui.

Kasi nayo ina neno lake. Gemu iliyoundwa vizuri hufuata saa yake ya ndani, kwa hiyo ukiharakisha mchezo mara nne, kura za kila dakika ya vita hazibadiliki. Lakini kuna gemu, hasa za zamani, zinazofungamanisha hesabu zake na fremu, yaani picha zinazochorwa kwenye skrini moja baada ya nyingine. Kompyuta inayochora fremu 144 kwa sekunde itapiga kura mara 2.4 zaidi ya ile ya fremu 60, na mwenye mashine mpya atashangaa kwa nini makamanda wake wanakufa kuliko wa rafiki yake. Ukihisi hivyo, weka kikomo cha fremu 60, rudia vita vilevile mara kadhaa, kisha linganisha.

Wapo wanaosema kura ya namna hii inaharibu uhalisia. Mimi naona kinyume chake, na historia ya vita hivyo vya Marekani inaniunga mkono. John Sedgwick, jenerali wa jeshi la Kaskazini, aliuawa Spotsylvania tarehe 9 Mei 1864 na mdunguzi aliyekuwa mbali, muda mfupi baada ya kuwaambia watu wake kwamba kwa umbali ule adui hawezi kumpiga hata tembo. Albert Sidney Johnston wa Kusini alipigwa nyuma ya goti huko Shiloh tarehe 6 Aprili 1862. Alikuwa amemwacha daktari wake nyuma awahudumie majeruhi, na damu ikamwagika ndani ya buti hadi akafa. Stonewall Jackson, jenerali mwingine wa Kusini, alipigwa risasi usiku na askari wa upande wake mwenyewe huko Chancellorsville tarehe 2 Mei 1863. Ungeyaona matukio haya kwenye skrini ungeapa kwamba gemu imeharibika.

Cheo nacho kina uzito, na waundaji makini hukiingiza kwenye hesabu. Katika shambulio la Pickett, jenerali wa Kusini, huko Gettysburg, tarehe 3 Julai 1863, divisheni yake ilikuwa na brigedi tatu. Garnett aliuawa, Armistead alijeruhiwa vibaya akafa siku mbili baadaye, Kemper alijeruhiwa akatekwa. Makamanda wote watatu wa brigedi walitoka vitani siku hiyohiyo, lakini Pickett mwenyewe, mkuu wao, hakuguswa. Kwa hiyo kamanda wa brigedi akifa mara nyingi kuliko wa divisheni, hilo lisikushtue. Kamanda wa jeshi zima akifa kila vita, hapo shtuka.

Armistead anatukumbusha jambo jingine. Gemu zenye kampeni ndefu hupiga kura ya pili baada ya vita: aliyejeruhiwa anapona au anakufa? Jackson mwenyewe aliishi hadi tarehe 10 Mei, mkono wa kushoto umekatwa, akafa kwa nimonia. Mchezaji asiyesoma ripoti ya mwisho wa vita anaona kamanda aliyemaliza salama, halafu zamu inayofuata hayupo. Na kwenye kampeni za miaka mingi, kama zile za Total War, uzee nao unachukua watu kati ya zamu na zamu. Angalia umri wake kabla hujalalamika.

Ukiondoa hayo yote, zinabaki hitilafu za kweli. Kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki: rudi kwenye gemu uliyoihifadhi dakika chache kabla ya kifo, cheza tena bila kubadili chochote. Akifa dakika ileile, usikimbilie hitimisho, kwa sababu gemu nyingine huhifadhi pia mfululizo wa namba za kubahatisha, na namba zilezile huleta kifo kilekile. Rudia mara ya pili, lakini safari hii toa amri tofauti kwa kikosi kingine kabisa, mbali naye, ili kuuvuruga mfululizo huo. Akisalimika, ilikuwa kura. Akifa tena, rudia mara ya tatu, sasa umtoe yeye mwenyewe nje ya masafa ya kila adui. Akifa dakika ileile hata huko, basi kuna skripti, yaani maagizo yaliyoandikwa tangu mwanzo, inayomuua kwa makusudi. Baadhi ya ramani za kihistoria zimeandikiwa hivyo: John Reynolds, jenerali wa Kaskazini, aliuawa asubuhi ya siku ya kwanza ya Gettysburg, na mwandishi wa ramani anaweza kuwa ameamua afe saa ileile popote utakapomficha.

Kama unatumia modi, yaani nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji wenyewe, zizime zote ujaribu tena, kisha zirudishe moja moja. Modi zinazogusa majeshi ndizo za kushukiwa kwanza, na mara nyingi tatizo liko kwenye jedwali la maafisa. Majedwali mengi ni mafaili ya maandishi ambamo safu hutenganishwa kwa koma: jina, cheo, uzoefu, uimara, uwezekano wa kupigwa. Mtu akiandika jina kama “Hill, A. P.” bila alama za kunukuu, koma ile inalikata jina vipande viwili. “A. P.” inaingia safu ya cheo, cheo kinaingia safu ya uzoefu, na namba 5 ya uzoefu inaangukia kwenye uimara uliotakiwa kuwa 80. Hill anaingia vitani akiwa dhaifu kuliko karani, ilhali kwenye skrini bado unaliona jina “Hill” na picha yake. Fungua faili hilo kwa programu ya kawaida ya maandishi, hesabu koma za mstari wake, ulinganishe na mstari wa kamanda asiye na tatizo.

Koma inaleta shida nyingine kwa wachezaji wa Ujerumani au Ufaransa, na kwa yeyote ambaye kompyuta yake imeseti utaratibu wa huko, ambako sehemu ya desimali huandikwa kwa koma. Programu isiyoandaliwa kwa hilo inaweza kuisoma 0.05 kama 0, au kama 5. Badili kwa muda mpangilio wa namba kwenye kompyuta yako, uwashe gemu upya, utazame.

Pia tafuta kamanda aliyeandikwa mara mbili. Modi mbili zikimleta mtu yuleyule kwa namba moja ya utambulisho, gemu inaweza kuwaona kama mtu mmoja, na nakala moja ikifa kwenye brigedi ya pembeni, ya pili nayo inaanguka mbele ya macho yako.

Ukifika kwa waundaji na malalamiko, wapelekee gemu iliyohifadhiwa kabla ya kifo. Iliyohifadhiwa baada ya kifo haiwasaidii sana. Taja namba ya toleo, orodha ya modi, saa ya vita kamanda alipoanguka, na matokeo ya yale marudio: alikufa ulipobadili nini, na alisalimika ulipobadili nini.