Serbia: Vijiji na Watu Wenye Majina Yaliyofanana

Waserbia walipoasi dhidi ya utawala wa Waosmani mwaka 1804, kiongozi wao alikuwa Đorđe Petrović, ambaye historia inamkumbuka zaidi kwa jina la Karađorđe. Mashabiki wa soka wa leo wanamfahamu Đorđe Petrović mwingine, kipa aliyezaliwa mwaka 1999 na aliyewahi kuichezea Chelsea. Majina hayo yanalingana herufi kwa herufi, lakini kulingana huko peke yake hakuthibitishi undugu wowote. Mimi hushughulika na majina ya watu na ya mahali katika nyaraka za zamani za Balkani, na swali ninaloulizwa mara nyingi na wanaotafuta nasaba ni iwapo watu wa jina moja la ukoo, au wa vijiji vyenye jina moja, wana asili moja. Jibu langu ni kwamba nchini Serbia jina tupu halimtambulishi mtu wala kijiji. Kinachotambulisha ni jina pamoja na kile kinachofuatana nalo, na mtafiti asiyejua pa kukitafuta atajikuta akiunganisha familia ambazo hazijawahi kukutana.

Tuanze na watu. Majina mengi ya ukoo ya Kiserbia huishia na -ić, kiambishi kinachotamkwa kama "ich" na ambacho aghalabu huonyesha kwamba mtu ni mtoto au mzawa wa fulani. Kwa muda mrefu jina hilo halikuwa la kudumu vijijini: Jovan, mtoto wa Petar, aliitwa Jovan Petrović, naye mwanawe Marko akaitwa Marko Jovanović, hivyo jina likageuka katika kila kizazi. Mwaka 1851 serikali ya Utemi wa Serbia iliagiza kila familia ichukue jina la ukoo lisilobadilika, lenye kutokana na mhenga wake. Agizo hilo lilirahisisha kazi ya makarani, lakini pia lilizalisha kufanana kwingi tunakokuona leo. Jovan, Petar, Nikola na Marko ni majina ya watakatifu yaliyopendwa kila bonde na kila kilima, kwa hiyo kaya nyingi zisizohusiana hata kidogo, ilimradi kila moja ilikuwa na mzee wake aliyeitwa Jovan, zilijikuta chini ya jina moja la Jovanović, ambalo sasa ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote nchini humo. Kaskazini mwa mito Sava na Danubi, katika maeneo yaliyokuwa chini ya dola la Habsburg, yaani la Austria, majina yalikuwa yamekwisha kudumishwa mapema zaidi.

Hata pale jina lilipochaguliwa kwa makusudi, halikufuata damu sikuzote. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mtemi Miloš Obrenović. Baba yake aliitwa Teodor, na yeye mwenyewe alianza maisha kama Miloš Teodorović. Mama yake, Višnja, alikuwa ameolewa kwanza na mtu aitwaye Obren, akamzaa Milan, ambaye alipata sifa kubwa katika uasi ule wa 1804. Miloš alichukua jina la Obrenović kutoka kwa kaka yake huyo wa upande wa mama. Hivyo basi nasaba iliyoitawala Serbia kwa miongo mingi ilibeba jina la mtu ambaye si babu yao wa damu. Mtafiti anayefuata jina tu angepotea hapo hapo, katika familia mashuhuri kuliko karibu zote.

Milan huyohuyo anatuleta kwenye miji na vijiji. Katika eneo la Šumadija kuna mji ulioanzishwa mwaka 1853 kwa jina la Despotovica, na mwaka 1859 Miloš akataka uitwe Milanovac kwa heshima ya kaka yake. Lakini kando ya Danubi, mkabala na Romania, kulikuwa tayari na Milanovac nyingine. Ndipo tukapata Gornji Milanovac, yaani wa juu, na Donji Milanovac, yaani wa chini. Kwa kawaida maneno hayo huonyesha vijiji viwili jirani katika bonde moja, kama Gornji Dobrić na Donji Dobrić katika manispaa ya Loznica, ambavyo aghalabu historia zao huingiliana. Miji ya Milanovac haipakani kabisa. Mmoja uko kwenye vilima vya katikati ya nchi, mwingine uko mashariki katika korongo la Đerdap. Mtu aliyeandika "Milanovac" tu kwenye barua ya mwaka 1900 anaweza kumpeleka msomaji upande usio wake wa nchi.

Vijiji vingi hufanana majina kwa sababu vilipewa majina ya vitu vilivyoonekana machoni. Orašac, kijiji kilicho karibu na Aranđelovac ambako uasi wa 1804 uliamuliwa, kinatokana na neno la mjozi; lakini kuna Orašac katika manispaa ya Obrenovac na nyingine katika manispaa ya Prijepolje. Kamenica, yaani mahali penye mawe, iko karibu na Niš, karibu na Valjevo na karibu na Užice. Huko Vojvodina, kaskazini mwa nchi, jina la eneo, kama Bačka au Srem, ndilo linaloongezwa: Bačka Palanka, tofauti na Smederevska Palanka, Sremska Mitrovica, tofauti na Kosovska Mitrovica. Kuna hata vijiji vinavyobeba jina la ukoo bila kubadilishwa: Popović katika manispaa ya Sopot, Veliki Popović katika Despotovac na Mali Popović katika Jagodina. Popović maana yake ni mtoto wa padri, na kwa kuwa mapadri wa Kiorthodoksi huoa na walikuwa kila parokia, si ajabu kwamba jina hilo limezuka mara nyingi bila chanzo kimoja. Anayeitwa Popović asidhani kwamba kimojawapo cha vijiji hivyo ndicho kwao.

Kuna pia kufanana kwa uongo, ambako kunanisumbua zaidi kwa sababu tunakuzalisha wenyewe. Kiserbia huandikwa kwa herufi za Kisirili na za Kilatini, na alama za juu ya herufi zikidondoshwa kwenye kompyuta, Đokić na Dokić, ambayo ni majina mawili tofauti, yote huwa Dokic. Nawasihi wanaotunza orodha wasizifute alama hizo.

Basi mtafiti ashike nini? Kwa walio hai, jambo ni jepesi: tangu miaka ya 1970 kila raia hupewa namba ya tarakimu 13 inayoanza na tarehe ya kuzaliwa. Kwa marehemu, tazama kwanza jina la baba, ambalo katika orodha nyingi huwekwa katikati ya jina la mtu na la ukoo. Kisha uliza slava, yaani sikukuu ya mtakatifu somo wa familia, ambayo mtoto wa kiume huirithi kwa baba yake, na siku hiyo nyumba huwasha mshumaa na kukata mkate maalumu. Kaya mbili za Jovanović katika kijiji kimoja, moja ikiadhimisha Mtakatifu Yohane tarehe 20 Januari na nyingine Mtakatifu George tarehe 6 Mei, kwa kawaida si ukoo mmoja. Slava ikilingana, usiharakishe kushangilia, maana Mtakatifu Nikola wa tarehe 19 Desemba huadhimishwa na familia nyingi mno. Hapo fungua kitabu cha ubatizo cha parokia na usome safu ya msimamizi wa ubatizo. Huyo huitwa kum, na kwa desturi usimamizi huo ulirithiwa baina ya familia mbili kwa vizazi, kiasi kwamba Jovanović wa nyumba hii na Jovanović wa nyumba ile, hata wakiwa na mtakatifu mmoja, mara nyingi hutenganishwa na jina la kum wa watoto wao.