Wakili wako akifariki: dhana potofu na ukweli kuhusu kesi, shamba na pesa zako

Mawakili wengi Kenya huendesha ofisi peke yao, wakisaidiwa na karani mmoja au wawili. Wakili wa namna hiyo akifariki, wateja hunyamaza kwa heshima wakingoja arubaini ipite. Nawaelewa. Lakini siku za kisheria zinaendelea kuhesabiwa, na nyingine hazirudi.

Dhana: Wakili akifa, kesi inasimama.

Kesi ni yako, si yake. Tarehe ya kusikilizwa ikifika na upande wako hauna mtu, mahakama isiyo na habari za msiba inaweza kuitupilia mbali. Unaweza kuomba irejeshwe, ila hiyo ni gharama na safari nyingine. Chini ya Agizo la 9 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010, hata mpinzani wako anaweza kuiomba mahakama itamke kwamba marehemu si wakili wako tena, iwapo hujaweka mwingine. Kwa hiyo iandikie masjala barua mapema, uambatishe tangazo la kifo, kisha wakili mpya awasilishe notisi ya mabadiliko ya wakili. Kama hukumu ilishatolewa, ataomba kwanza kibali cha mahakama.

Dhana: Shamba nimeshalipia, karatasi zitasubiri.

Hapa ndipo ninapoona watu wakiumia zaidi. Shamba la kilimo lililo katika eneo la udhibiti, yaani eneo ambako sheria inadhibiti uuzaji wa ardhi ya kilimo, linahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano ya mauzo. Muda huo ukipita bila ombi, mauzo ni batili, na ulicho nacho ni haki ya kudai pesa zako kama deni. Mahakama inaweza kuongeza muda ikipewa sababu ya kutosha, lakini usiitegemee huruma hiyo. Wiki ile ile ya msiba, uliza kama ombi lilipelekwa. Fanya upekuzi kwenye rejista ya ardhi, na ukiona hatari, weka tahadhari (caution) kwenye rejista hiyo ili shamba lisiuziwe mwingine.

Na hatimiliki ikipotea ofisini? Umiliki haupotei nayo. Msajili hutoa nyingine baada ya tangazo la siku 60.

Dhana: Pesa nilizompa sasa ni mirathi ya watoto wake.

Si kweli. Pesa za wateja hutakiwa kukaa katika akaunti ya wateja, mbali na pesa za wakili mwenyewe. Alikushikia tu. Shida ni kwamba mtia sahihi hayupo, na benki haitamsikiliza mjane kwa sababu tu ni mjane. Tafadhali usimwendee matangani kumshinikiza akulipe: kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinamkataza mtu asiye na kibali cha mahakama kugusa mali ya marehemu, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi 10,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Njia iliyo halali, na yenye utu, ni familia kuomba kibali cha muda cha kukusanya na kuhifadhi mali, kupitia kifungu cha 67. Wewe peleka dai lako kwa maandishi, pamoja na risiti, na uwasiliane na Chama cha Mawakili cha Kenya.

Dhana: Karani anajua kila kitu, atamalizia.

Karani ni hazina. Anajua faili liko wapi na tarehe ijayo ni lini, mheshimu. Lakini hawezi kukusimamia mahakamani wala kukuandalia hati za kuhamisha ardhi kwa malipo. Akikuomba nyongeza "amalizie", kataa.

Dhana: Nilimpa nguvu za uwakilishi (power of attorney), bado zinafanya kazi.

Zilikufa naye. Hili liwafikie hasa Wakenya walio Qatar na Saudia waliowaachia mawakili kuuza au kununua kwa niaba yao: andikeni hati mpya, kwa mtu mpya.

Dhana: Deni la ada limefutika.

Warithi wanaweza kulidai, na hati zako zinaweza kuzuiliwa hadi ulipe. Omba hesabu iliyoandikwa, ulipe kazi iliyofanyika, na utie sahihi orodha ya kila karatasi unayokabidhiwa.