Unatoka kwenye septiki unaunga laini ya majitaka ya manispaa? Maswali na majibu ya kiafya

Laini kubwa ya majitaka ikifika mtaani watu wanawaza mambo mawili tu, hela ya kuunga na fundi wa kuchimba mtaro, afya haimo kabisa kwenye hesabu. Mi naona hapo ndo penye tatizo, maana kinachoumiza watu kwenye zoezi hili mara nyingi sio bomba jipya, ni lile tenki la zamani la septiki, linalopokea majitaka ya nyumba, linaloachwa nyuma ya nyumba. Haya ni maswali ninayoulizwa sana kama afisa afya, mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu yanahitaji, mengine kwa kifupi tu.

Swali: Septiki yangu haijawahi kunuka wala kufurika, sasa kiafya nahama kwa faida gani?

Kutonuka sio kipimo ndugu yangu. Ndani ya tenki uchafu mzito unashuka chini unakuwa tope, mafuta na povu vinaelea juu, yale maji ya katikati ndo yanatoka kwenda kwenye shimo la kunyonyea, yaani shimo linaloyaachia yazame ardhini. Hayo maji ukiyaona yametulia usidhani yamepona, bado yana vijidudu kibao, tenki limetenganisha tu halijaua, kazi ya kuchuja inafanywa na udongo. Kwahiyo kama udongo wako una kokoto au chini kuna mwamba wenye nyufa, au maji ya ardhini yako juu, au nyumba zimebanana na kila moja ina shimo lake, basi vile vijidudu vinasafiri. Hapo tunaongelea kipindupindu, taifodi, homa ya ini aina ya A, vijidudu vya kuharisha kama rotavirusi, ameba na jiadia, na mayai ya minyoo.

Alafu kuna suala la kunyonya tope kwa gari, ambalo kwa kawaida linatakiwa kila baada ya miaka 3 mpaka 5 na wengi hawafanyi mpaka choo kigome. Tope likizidi linatoka pamoja na maji, linaziba udongo, na hapo utaona nyasi za sehemu moja zimestawi kuliko kwingine kote na ardhi imekuwa tepetepe hata kama mvua haijanyesha. Ukiona hivyo usiruhusu watoto wacheze hapo, yale ni majitaka.

Septiki iliyojengwa vizuri, yenye nafasi ya kutosha na inayotunzwa, ni mfumo salama, siwezi kukudanganya. Ila watu wakishakuwa wengi sehemu ndogo, ardhi inazidiwa.

Swali: Tuna kisima nyumbani. Tukishaunga laini tunaweza kunywa maji yake bila wasiwasi?

Hapana, sio siku hiyo hiyo. Uchafu ulioshaingia ardhini unachukua muda kuisha, na kama majirani bado wana mashimo yao basi kisima chako bado kiko kwenye hatari. Peleka maji maabara, yapimwe mambo mawili, bakteria wa kinyesi (E. coli haitakiwi kuonekana hata mmoja kwenye mililita 100) na naitreti. Kisha rudia baada ya miezi kadhaa, na hasa baada ya mvua kubwa.

Naitreti naisemea kwa sababu watu hawaijui. Inatokana na mkojo na kinyesi ardhini, haina rangi, haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi, tena maji yakipungua kwenye sufuria ndo inazidi kuwa nzito. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, damu yake inashindwa kubeba oksijeni vizuri, midomo na kucha zinakuwa za bluu. Ukiona hivyo ni hospitali mbio. Vijidudu vyenyewe kuchemsha kunaviua, maji yakishatokota kabisa yaache dakika 1, na kama mnaishi mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 yaache dakika 3.

Kwa umbali, miongozo mingi inataka kisima kiwe mita 30 kutoka shimo la choo, mingine inakubali 15 kulingana na udongo. Kwanini wakali hivyo? Mwaka 1854 pale London, mtaa wa Broad Street, kipindupindu kiliua mamia ya watu ndani ya siku chache na daktari John Snow akaonyesha kwamba wengi walikunywa maji ya pampu moja, mpini wa pampu ukatolewa tarehe 8 Septemba. Baadae walipofukua wakakuta shimo la majitaka la nyumba ya jirani, matofali yake yameoza, liko chini ya mita moja kutoka ukuta wa kisima, na kwenye nyumba hiyo kulikuwa na mtoto mchanga aliyeharisha na maji ya kufulia nepi zake yalikuwa yanamwagwa humo humo.

Swali: Uchafu wangu ukiingia kwenye laini ya manispaa unaenda wapi?

Unatakiwa uende kwenye mtambo wa kusafisha au mabwawa ya majitaka, ukae humo, usafishwe, ndo maji yaachiwe. Uliza hili swali kabla ya kulipia, una haki ya kujibiwa. Maana bomba peke yake linahamisha uchafu, haliusafishi. London hiyo hiyo, miaka ya 1840, wakubwa waliamuru nyumba ziache mashimo ziunge kwenye mifereji, na mifereji yote ikamwaga mto Thames ambao ndo watu walikuwa wanachota maji ya kunywa, kipindupindu cha 1848 na 1849 kikaua watu maelfu. Ilibidi baadae wajenge mfumo mpya wa kupeleka majitaka mbali na mji, na kipindupindu kiliporudi mwaka 1866 kilipiga zaidi upande wa mashariki ya jiji ambako mfumo huo ulikuwa haujakamilika.

Swali: Fundi anasema ataingia kwenye tenki kidogo tu kuziba bomba la zamani, gari la kunyonya limeshamaliza kazi. Kuna shida?

Kuna shida kubwa sana, na hapa naomba usome taratibu.

Tenki tupu sio tenki salama. Tope lililobaki chini na kwenye kuta linaendelea kutoa gesi, na ukilikanyaga au kulichota na koleo linaachia nyingi kwa mara moja. Kuna haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu, ambayo ubaya wake ni kwamba ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa, kwahiyo mtu anasema "harufu imeisha" kumbe ndo imezidi, baada ya hapo anaanguka. Kuna methani ambayo inalipuka, kwahiyo usimulike kwa kiberiti wala mshumaa, na sigara iwe mbali. Na hizi gesi zote zinafukuza oksijeni.

Sasa kinachotokea ni hiki, wa kwanza anaanguka, mwenzake anaruka kumtoa, nae anaanguka, na wa tatu anafata. Kwenye ajali za mashimo ya namna hii waokoaji wanakufa pamoja na waliyetaka kumuokoa, imetokea nchi nyingi na inaendelea kutokea. Hata kuinamisha kichwa kwenye mdomo wa tenki ni hatari. Kitambaa puani hakisaidii, barakoa ya kawaida haisaidii. Mtu akianguka ndani usiingie hata kama ni ndugu yako wa damu, piga simu zimamoto na uokoaji, watu wakae mbali na shimo.

Kazi ya kuziba bomba inaweza kufanyika nje ya tenki, unachimba pale bomba linapotoka kwenye nyumba, unalikata hapo unaligeuza kuelekea laini mpya. Fundi anayesema lazima azame muulize kipimo chake cha gesi kiko wapi, feni ya kuingiza hewa iko wapi, na kamba na mtu wa juu wako wapi, asipokuwa navyo hazami.

Swali: Tenki la zamani nikiliacha tu na mfuniko wake kuna ubaya?

Upo. Zege la mfuniko linaliwa na ile gesi kwa chini, juu unaona sawa tu, nyasi zimeota, miaka inapita, siku moja mtoto anapita mbio au gari linapaki hapo na mfuniko unaenda chini. Watu wamekufa hivi. Na kama kuna maji ndani na ufa mdogo juu, mbu wa Culex wanapenda sana maji machafu ya namna hiyo, ndo mbu wanaokesha wakikupigia kelele usiku na sehemu nyingi ndo wanaobeba vimelea vya matende na mabusha.

Utaratibu wa kulifunga uko hivi: linanyonywa lote, sakafu inatobolewa kutokea juu ili maji ya mvua yasituame, mfuniko unavunjwa au kuondolewa, alafu linajazwa mchanga, kokoto au kifusi safi huku linashindiliwa tabaka kwa tabaka. Ukimwaga udongo mara moja bila kushindilia utatitia baadae. Shimo la kunyonyea nalo usilisahau, lifanyie hivyo hivyo. Chora ramani ndogo uonyeshe lilipokuwa uiweke na karatasi za nyumba, atakayejenga hapo kesho atakushukuru. Na sehemu nyingi lazima mkaguzi aone kabla hujafukia, muulize mapema.

Kuna wanaotaka kuligeuza liwe la kuvunia maji ya mvua. Mi siliungi mkono kwa maji ya kunywa wala kupikia, hata lioshwe vipi, maana zege lina vinyweleo na nyufa.

Swali: Nitajuaje kama kila kitu kimehamia kwenye laini mpya?

Swali zuri mno na hakuna anayeuliza. Nyumba zilizoongezwaongezwa zinakuwa na mabomba ya siri, choo cha ndani kimeunganishwa vizuri kumbe sinki la kufulia la nje bado linaenda kwenye shimo la zamani. Kabla mtaro haujafukiwa, nunua rangi ya kupimia mabomba, mimina kwenye sinki la kwanza na maji mengi, mtu mmoja akae kwenye chemba mpya akiwa amefungua mfuniko (aangalie kwa mbali kidogo, asiingie). Rangi ikitokea vizuri, nenda kwenye sinki la pili, kisha bafu, kisha choo, moja baada ya nyingine. Ile ambayo rangi yake haitokei ndo ya kufatilia.

Maji ya mvua ya paa na uani yasiingizwe kwenye laini ya majitaka kama sio laini iliyojengwa kwa yote mawili. Mvua ikinyesha laini inazidiwa na kinyesi kinatokea kwenye nyumba za walio bondeni.

Swali: Nyumba yangu iko chini ya usawa wa barabara.

Basi ongea na mhandisi kabla ya fundi. Bomba la majitaka linahitaji mteremko, kwa bomba la milimita 100 ni kama sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita. Usipoupata utahitaji pampu, na lazima uweke valvu ya kuzuia maji kurudi, vinginevyo laini ikiziba mbele yatapanda kwenye kitundu cha bafu lako. Hiyo valvu nayo inataka kufunguliwa na kusafishwa, ikinasa uchafu haifungi.

Swali: Tumeshaunga, sasa bafu la wageni linanuka.

Halitumiki, si ndio? Yale maji yanayokaa kwenye mkunjo wa bomba chini ya sinki na sakafuni yamekauka, na ndo yalikuwa yanazuia gesi. Mimina maji kila wiki. Kama harufu inaendelea angalia bomba la hewa la paani, mafundi wengine wanaliruka ili kupunguza gharama.

Swali: Ule udongo uliochimbwa kwenye shimo la kunyonyea naweza kuutumia bustanini?

Usiutumie kwa mboga, hasa za kuliwa mbichi. Mayai ya minyoo ya askaris yanaweza kukaa ardhini miaka na bado yakaambukiza. Ufukie humo humo chini au upelekwe mkaguzi atakakoelekeza. Wanaochimba wavae glovu na buti, wasile wala kuvuta sigara katikati ya kazi, wenye vidonda wafunike, na chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini ziwe zimekamilika.

Swali: Afisa, mafundi walipasua bomba la zamani yakamwagika uani, asaivi mwanangu wa miaka 2 anaharisha tangu jana. Nifanyeje?

Pole sana mama. Anza na mtoto, uani baadae. Mpe ORS (ile dawa ya pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) kidogo kidogo kila baada ya kuharisha, akitapika subiri dakika 10 uendelee polepole, na kama ananyonya aendelee kunyonya. Huna ORS, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Zinki kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 mpaka 14. Usimpe dawa ya kufunga tumbo.

Mpeleke kituo cha afya mara moja ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, hakojoi, analegea au hataki kunywa, au anaharisha maji matupu meupeupe kama ya mchele mfululizo. Waambie kuhusu majitaka yaliyomwagika, itawasaidia kujua wapime nini.

Uani, watoto na wanyama wasikanyage. Kifusi kilicholowa kizolewe kwa koleo, sakafu ioshwe kwa sabuni kwanza ndo dawa ya klorini ifate kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na usiichanganye na dawa nyingine ya choo, inatoa gesi ya sumu. Viatu vya kazi vibaki nje.