Ndizi, chungwa na yale tunayoyakosea kuhusu kura ya maamuzi

Novemba 21, 2005 Wakenya walipiga kura ya maamuzi ya kwanza katika historia ya nchi yao, kukubali au kukataa rasimu ya katiba mpya. Ndiyo ilipewa alama ya ndizi, Hapana ikapewa chungwa, na chungwa likashinda kwa asilimia 58 dhidi ya 42. Watu waliuawa katika kampeni hizo, majirani wakanuniana, na hadi leo ukitaja kura ya maamuzi utajibiwa: "Tulipiga ile, tukapata nini?" Swali hilo ni la haki. Kasoro iko kwenye majibu yanayozungushwa vijiweni na mitandaoni.

"Mwaka 2005 Wakenya walikataa katiba mpya."

Hapana, walikataa rasimu moja. Katiba mpya walikuwa wakiidai tangu enzi za Moi, na NARC, muungano wa vyama vya upinzani, iliingia madarakani Desemba 2002 ikiahidi kuileta ndani ya siku 100. Wajumbe walikutana katika ukumbi wa Bomas, Nairobi, wakabishana hadi Machi 2004, wakatoka na rasimu iliyompa waziri mkuu mamlaka ya kweli na kugatua madaraka hadi mashinani. Upande wa serikali ulisusia kikao kabla hakijamalizika. Baadaye wabunge wakaifanyia rasimu hiyo marekebisho kule Kilifi, mwanasheria mkuu Amos Wako akaiandika upya, na madaraka mengi yakarudi kwa rais. Hiyo ndiyo iliyopelekwa debeni. Wengi waliotia alama kwenye chungwa walikuwa wanasema: turudishieni ya Bomas.

"Ilikuwa kura ya kabila, basi."

Dhana hii inanasa kirahisi kwa sababu ina nusu ya ukweli. Mkoa wa Kati, nyumbani kwa Wakikuyu, uliimeza ndizi, Nyanza, nyumbani kwa Wajaluo, ikakumbatia chungwa, na hakuna asiyejua kina nani walikuwa wakivutana. Lakini Hapana ilishinda katika mikoa saba kati ya minane, Pwani na Nairobi zikiwemo. Hakuna kabila moja linaloweza kufanya hivyo.

Chanzo cha mgawanyiko kilikuwa deni la kisiasa. Kabla ya uchaguzi wa 2002, Mwai Kibaki, aliyeshinda urais kisha akaipigia debe ndizi, na Raila Odinga, aliyekuja kuongoza chungwa, walikuwa na mkataba wa kugawana madaraka, na Raila akalalamika kuwa haukuheshimiwa. Katiba ikageuzwa uwanja wa kulipiana.

Tena swali lenyewe lilikuwa baya. Chukua mama aliyetaka haki ya kurithi shamba la baba yake, jambo ambalo rasimu ililigusa, lakini asiyetaka rais mwenye nguvu za kupindukia. Afanyeje? Karatasi ilikuwa na picha mbili za matunda, basi. Urais, ardhi, ugatuzi, mahakama za dini, urithi wa wanawake, vyote vilifungwa kwenye furushi moja: chukua au acha. Kwa maoni yangu, hapa ndipo kukata tamaa kwingi kulipoanzia, kuliko hata kwenye ukabila. Mtu alitoka kituoni akiwa amekataa kitu alichokitaka, au amekubali kitu alichokichukia.

"Katiba mpya ililetwa ili kuwaingizia Wakristo mahakama za kadhi."

Hii ilivuma 2005, ikarudi kwa kishindo kwenye kura ya maamuzi ya pili, 2010, na bado haijafa. Mahakama za kadhi zilikuwemo katika katiba ya uhuru. Ukanda wa Pwani wa maili kumi ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1963, katika makubaliano ya kuuunganisha na Kenya, serikali ya Jomo Kenyatta iliahidi kulinda mahakama hizo. Katiba ya 2010 haikuzizua. Kifungu cha 170 kinazibana zishughulikie hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, na hata hapo wahusika wote wawe Waislamu na wakubali kwenda kwa kadhi. Mkristo wa Kitale hawezi kuburutwa huko. Waliokuwa wakihubiri kinyume chake walikuwa na nakala ya rasimu mikononi, na hilo ndilo linaloniudhi.

"Serikali iliyapuuza matokeo."

Iliyakubali. Kibaki alikiri kushindwa, na siku mbili baada ya kura akavunja baraza lote la mawaziri. Si nchi nyingi ambako serikali iliyoandaa kura inashindwa na kunyanyua mikono. Usaliti ulikuja baadaye: baraza jipya liliwaacha nje vigogo wa chungwa, chungwa likageuka chama cha ODM (Orange Democratic Movement), na katiba ikawekwa kabatini. Ilifufuliwa baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 zilizoua zaidi ya watu 1,100. Anayesema kura yake ya 2005 ilitelekezwa ana hoja nzito. Ila walioitelekeza ni viongozi wa pande zote mbili. Tume ya uchaguzi ya Samuel Kivuitu, katika kura ile, ilihesabu na kutangaza.

"Baada ya hapo watu walichoka na kura za maamuzi."

Takwimu zinakataa. Mwaka 2005 waliojitokeza walikuwa zaidi kidogo ya nusu ya waliojiandikisha. Agosti 4, 2010 walikuwa takriban asilimia 72, na karibu asilimia 67 yao wakasema Ndiyo. Safari hii Kibaki na Raila walikuwa jukwaa moja, William Ruto, aliyekuwa na Raila kwenye chungwa, akaongoza Hapana, na wanasiasa wa huku na kule wakapachikwa jina la tikitimaji: kijani cha Ndiyo kwa nje, wekundu wa Hapana kwa ndani.

"BBI ilizimwa na majaji walioogopa wananchi wapige kura."

BBI ulikuwa mpango wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila wa kubadilisha katiba. Mahakama ya Juu, Machi 31, 2022, ilisema rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya katiba kwa kupitia njia iliyotengewa wananchi wa kawaida. Unaweza kuubishia uamuzi huo, lakini ulihusu nani aliyeanzisha mchakato.

"Nikikaa nyumbani, hiyo ni Hapana yangu."

Kwa sheria ya sasa, si kweli hata kidogo, isipokuwa msuse kwa wingi wa ajabu. Kifungu cha 255 cha katiba kinataka angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47, kisha wengi wa waliopiga kura waunge mkono. Kiwango hicho ni cha chini mno. Kikifikiwa, aliyebaki nyumbani hahesabiwi popote, na jirani yake aliyepanga foleni anaamua kwa niaba ya wote wawili.