Sabuni haikutoka Mlima Sapo

Sabuni ni kile kinachopatikana mafuta yakichanganywa na alkali, iwe magadi au maji ya jivu, yakageuka kuwa kitu kingine kabisa. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni ile hadithi isiyokosa kila anapotokea mtu wa kufundisha kutengeneza sabuni. Eti karibu na Roma palikuwa na Mlima Sapo, wanyama wakichomwa huko kama sadaka, mvua ikateremsha shahamu na majivu hadi mto Tiber, wanawake waliokuwa wakifua wakaona nguo zinatakata kuliko kawaida. Basi jina la mlima likawa jina la sabuni.

Hadithi tamu, ila mlima wenyewe hakuna anayejua ulipo. Tena katika sadaka zao Warumi hawakuwa na desturi ya kuteketeza mnyama mzima. Miungu iliunguziwa viungo vya ndani, nyama wakaila watu. Hiyo shahamu ya kutiririka hadi mtoni ingebaki ipi?

Neno sapo tunalikuta kwa Plinius, yule mwanachuoni wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 volkano ya Vesuvius ilipolipuka. Naye anasema ni uvumbuzi wa Wagalli, watu wa kale wa eneo la Ufaransa ya leo, wa kutia nywele wekundu, unaotengenezwa kwa shahamu na jivu, na shahamu bora ni ya mbuzi. Anaongeza kwamba kwa Wajerumani wanaume waliipenda kuliko wanawake. Kufua nguo hakutaji.

Wanaisimu wanaona Kilatini kiliazima neno hilo kutoka lugha za Kijerumani za kale. Wagiriki wakasema sapon, Waarabu sabun, nasi tukaweka irabu mwishoni kama tulivyofanya kwa kanuni, neno lililopita njia hiyohiyo: kanon ya Kigiriki, qanun ya Kiarabu. Ndiyo maana hata wanaoiweka sabuni kapu moja na meza, kwamba ni ya Wareno, wanakosea kidogo. Sabão yao ni ndugu wa sabuni yetu, si mzazi.

Anayependa kuitaja Roma aendelee kuitaja. Aseme tu kwamba neno lilipita huko, na mlima auache.