Kabla Hujasambaza Picha ya Hiroshima au Nagasaki

Kila Agosti 6 inapokaribia, kitengo chetu cha hifadhi ya picha hupokea malalamiko kuhusu picha za Hiroshima na Nagasaki, miji ya Japani ambayo Marekani iliipiga kwa mabomu ya atomiki Agosti 6 na 9, 1945, na mwaka huu yamezidi. Mengi yanatoka kwa walimu waliokuta maelezo ya uongo kwenye mabango ya wanafunzi. Hatudhani kuna nia mbaya. Mtu huguswa, kisha husambaza. Lakini picha ya majeruhi ikishatenganishwa na mpiga picha, mahali na tarehe, yeyote anaweza kuitungia hadithi.

Picha inayosambazwa ya wingu linaloibuka baharini katikati ya meli si ya Hiroshima. Ni jaribio la bomu la atomiki la Marekani huko Bikini, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, Julai 25, 1946. Bomu la Hiroshima lililipuka angani, kama mita 600 juu ya mji wenye watu. Tumekwisha kulieleza hili mara nyingi mno.

Kuna pia picha ya mvulana wa Nagasaki aliyesimama wima, mdogo wake aliyekufa akiwa amefungwa mgongoni. Ilipigwa na Mmarekani Joe O'Donnell, na mwishoni mwa 2017 Papa Francis aliisambaza kwenye kadi. Kwenye simu zetu imeongezewa askari anayemwambia mtoto atue mzigo, naye anajibu kwamba si mzigo, ni ndugu yake. Maneno hayo hayamo katika simulizi ya mpiga picha. Alichosimulia ni mtoto aliyesubiri mwili uchomwe, akauma mdomo hadi ukatoka damu. Nani aliona hilo halitoshi, hata akaongeza?

Wengine hutuuliza kwa nini tunatoa picha chache za Hiroshima za siku yenyewe. Ni chache kwa sababu aliyezipiga alishindwa kuendelea. Yoshito Matsushige, mpiga picha wa gazeti la Chugoku Shimbun, alikuwa na filamu ya kutosha picha 24. Zilizopatikana ni 5 tu. Yapata saa 5 asubuhi alifika Daraja la Miyuki, kama kilomita 2.3 kutoka kitovu cha mlipuko, akawakuta watu walioungua, wengi wao wanafunzi, wakipakwa mafuta ya kupikia kwenye majeraha. Alisita muda mrefu kabla ya kubonyeza. Alipowasogelea kwa picha ya pili, machozi yalikuwa yamemzibia tundu la kamera. Ndiyo maana tunakataa kuzikata, kuzitia rangi au kuziwekea muziki.

Si kweli pia kwamba picha zote zilifichwa tangu mwanzo. Yosuke Yamahata, aliyetumwa Nagasaki na jeshi la Japani, alipiga zaidi ya picha 100 Agosti 10, 1945, na baadhi zilichapishwa magazetini mwezi huohuo. Udhibiti wa habari wa utawala wa Marekani, uliokalia Japani baada ya vita, ulianza Septemba. Ulipokwisha utawala huo, Aprili 1952, jarida la Asahi Graph lilitoa toleo maalumu la picha hizo Agosti 6 mwaka huohuo.

Sasa utaratibu. Ombi la maonyesho lifike wiki tatu kabla, kwa maandishi, likitaja kila picha, ukubwa wa nakala, mahali itakapotundikwa na umri wa watazamaji. Chini ya kila picha ziandikwe, kwa mpangilio huu: mpiga picha, tarehe, mahali, umbali kutoka kitovu kama unajulikana, na taasisi inayoihifadhi. Maelezo yasizidi hapo bila idhini yetu. Kwisha kwa muda wa hakimiliki hakumwondolei mwombaji masharti haya. Anayebadili picha au maelezo hufutiwa kibali siku hiyohiyo, maonyesho hushushwa, na nakala hurejeshwa ndani ya siku saba. Asiporejesha, ombi lake jingine halipokelewi. Tafadhali msitupigie simu kuomba tulegeze masharti.

Kwa madarasa ya chini hatutoi picha za Daraja la Miyuki. Tunatoa ya mwisho kati ya zile tano za Matsushige, iliyopigwa alasiri: polisi mwenye bendeji kichwani ameketi mezani mbele ya manusura, akiwaandikia vyeti vya kuthibitisha kwamba wamepatwa na maafa.